Goti Lililopita Mtihani

Kocha wetu wa voliboli hakuamini macho ya mtu yeyote, na hata ya kwake aliyaamini nusu. Mchana alikuwa msaidizi katika chumba cha mazoezi ya viungo kwenye zahanati moja. Jioni alikuja uwanjani kwetu Makongeni na mpini wa ufagio, kamba na daftari. Kabla ya msimu kuanza, kila msichana alipimwa. Unainua mpini juu ya kichwa kwa mikono miwili, halafu unachuchumaa mpaka chini bila visigino kubanduka. Unavuka kamba kwa mguu mmoja bila kuyumba. Mkono mmoja unapita begani, mwingine mgongoni, naye anapima nafasi kati ya ngumi zako. Vipimo vilikuwa sita, kila kimoja alama tatu.

Mwaka huo, katikati ya miaka ya tisini, kiwanda kimoja kilitangaza kwamba kinatafuta wachezaji wa timu yake. Aliyechukuliwa angepewa pia kazi ya kudumu, si kibarua cha kusubiri getini kila asubuhi. Baba alikuwa amestaafishwa mapema na reli, na nyumba tuliyolala ilikuwa ya reli, ya kurudishwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nami niliitaka kazi ile kwa kufa na kupona.

Kocha alisema hampeleki asiyepita vipimo vyake. Basi tukafanya kile ambacho shule zilitufunza vizuri kuliko vyote: tulikariri mtihani. Wiki mbili tulichuchumaa uani na mifagio ya mama zetu. Kipimo cha kuinama hata hakikuhitaji mazoezi, maana tulifua na kupiga deki tumeinama kiunoni, miguu imenyooka, tangu utotoni. Nilipata kumi na nane kwa kumi na nane, nikarudi nyumbani kichwa juu, sisalimii mtu.

Kesho yake Kocha alilitazama daftari lake kwa muda mrefu.

"Nyinyi wote mmepita," akasema. "Hii kitu haiwezi kuwa sawa."

"Lakini Kochi, si tumepita?" nikamuuliza.

"Hii karatasi ya vipimo iliandikiwa watu wa kukaa kwa viti ofisini. Viungo zenu zinakunjika, hiyo naona. Kama zinashika, hiyo bado."

Baba yake alikuwa mchonga vinyago huko Ukambani. Alituambia mzee yule hakuuza twiga kwa kuwa tu amesimama mezani. Kwanza alimsukuma kwa kidole. Sasa ikawa zamu yetu kusukumwa. Alitungoja tumalize mazoezi, tumechoka hoi, akajaza mtungi wa lita ishirini. Kila mmoja aubebe kwa mkono wa kushoto, ashuke ngazi ya baraza la ukumbi uliokuwa kando ya uwanja, polepole kwa mguu wa kulia. Nilishuka mara tatu. Mara ya nne akainama kulitazama goti langu.

"Hiyo goti inaingia ndani."

"Ni kidogo tu, Kochi."

"Ni kidogo. Ukiruka inakuwa kubwa."

Nilipandwa na hasira nikamwambia maneno yasiyosemwa kwa mtu mzima, kwamba ana wivu, kwamba anataka tuzeekee hapa naye. Najuta mpaka leo. Hakunijibu kwa hasira.

"Sijui kama itaumia," alisema. "Hakuna kipimo inajua ya kesho. Goti ni yako, mama. Kama unataka, enda."

Nikaenda. Mpimaji wa kiwanda alitupima kuinama na kuchuchumaa, akanisifu mbele ya wenzangu. Kisha akaniambia nipande benchi, niruke chini na kuruka tena papo hapo kuupiga mpira. Nilisimama pale juu. Hapakuwa na mwingine aliyejua habari ya goti langu.

"Mguu wa kulia bado haujashika," nikamwambia. "Naomba mwezi mmoja."

Akakata jina langu, akamwita aliyefuata.

Nilimkuta Kocha uwanjani akifunga wavu. Nilimweleza nikilia, nikingoja aniambie nimefanya vyema, kwamba ameniokoa. Ningemwamini. Nilihitaji kumwamini, maana nyumbani mama alikuwa akingoja jibu.

Akauacha wavu. "Huenda ingeshika," akasema. "Pengine kipimo yangu ndiyo imekosea. Sijui, na siwezi kukudanganya ndio nijisikie vizuri."

Nimepimwa na wengi tangu siku ile, kwa mashine na kwa karatasi, na sijakutana na mwingine mwenye ujasiri wa kusema hivyo mbele ya mtu aliyetoka kupoteza kitu. Goti lile halijawahi kuniuma, wala sitajua kamwe kama ni kwa sababu ya Kocha. Mwisho wa mwezi tulihama nyumba ya reli, tukaenda kwenye mabanda ya Mukuru kwa Reuben. Alikuja kutusaidia kubeba vitanda, na hakuna siku hata moja aliyoniambia kwamba ilikuwa heri kuikosa kazi ile.