Mkwe Nyuma ya Magunia

Pale Kiminini, kwa kiwanda cha chakula cha ng'ombe cha Gicheru, paipu ya molasi ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni Phelista Nasimiyu. Gicheru alinunua tu.

Molasi, ule uji mweusi mtamu wa miwa, inakaa kwa tangi nje, inapita kwa paipu ya chuma mpaka kwa mashine ya kuchanganya pumba. Lakini baridi ya asubuhi ya upande wa Kitale si ya kuchezewa. Molasi inashikana ndani kama gundi, inakataa kutoka. Miaka yote Phelista ndiye alikuwa anaibembeleza. Anawasha makaa kwa karai, anasukuma karai chini ya paipu, anaimba, anatukana kidogo, molasi inashuka. Wanaume walijaribu hiyo kazi wakaitoa molasi ikiwa chungu. Phelista alijua ile paipu inampenda, na hakuficha.

Sasa, miaka ile simu za mkononi zimeanza kulia hata sokoni, Gicheru naye akaleta mashine yake mpya ya kupasha paipu moto. Waya ya moto ikazungushwa paipu nzima, na kwa ukuta pakawekwa kisanduku chenye kioo cha namba na batani nne: ya kupanga, ya mshale wa juu, ya mshale wa chini, na ya kuweka. Unakiambia joto unalotaka, chenyewe kinawasha na kuzima waya.

"Mama Mary Ann," Gicheru akasema, "fundi anakuja leo kukufundisha. Ukijua kuipanga kwa mkono wako, paipu ni yako. Ukishindwa, unaenda kushona magunia na Rispah."

Kushona magunia! Kukaa kitako siku nzima kama mgonjwa, ukisikiliza Rispah akitaja watu wenye wameachana!

"Mimi nilizaa watoto bila fundi," Phelista akajibu. "Nitashindwa na batani nne?" Herufi zilimkataa tangu zamani, lakini namba alizijua kutoka kwa mizani.

Fundi akafika kutoka Bungoma, akavua kofia mlangoni. Phelista kumwona, akarusha leso kichwani, akapiga nduru.

"Woi! Mkwe!"

Ilikuwa Wekoye, bwana ya Mary Ann, msichana wake. Wekoye naye akaruka nyuma ya magunia ya pumba kama mwizi wa kuku. Kwa Wabukusu, mama mkwe na mkwe hawapeani mkono, hawaangaliani uso, hawabanani mahali pamoja. Na pale kwa kisanduku ni pembe ndogo. Wakiingia wawili, mabega yanagusana.

"Mama, huyo ni fundi bana, si chui," Gicheru akasema. Wazee wake walitoka upande wa Nyeri, hayo mambo anayaona kama mchezo. "Basi toka wewe, yeye aingie."

"Sitoki." Aliona wazi: akitoka, Wekoye atapanga, na yeye kesho ataamkia sindano.

"Haya, mjue wenyewe. Naenda kunywa chai. Nikirudi kama namba haijakaa, fundi ndiye atapanga."

Ikabidi Rispah aitwe akae katikati, abebe maneno. Alikuja anacheka kabla ya kitu kuchekesha.

Lakini mkwe hawezi kuamrisha mama mkwe. "Rispah," Wekoye akaanza, "mwambie mama, kwa heshima, kama mgongo haumsumbui, na kama hataona vibaya, ashike batani ya kwanza mpaka namba iwake-wake."

Rispah akageuka. "Umesikia? Ana adabu huyo! Wangu hata haniamkii. Anasema ushike ya kwanza."

Phelista akashika. "Imewaka! Halafu?"

"Mkwe, mama anasema imewaka, na uso amekunja."

"Mwambie mama pole kwa kumsumbua, Mungu ambariki, sasa apande na mshale wa juu..."

Kumbe hicho kisanduku hakina subira. Usipokigusa haraka, kinasahau yote na kurudi mwanzo. Baraka zilipofika kwa Phelista, kioo kilikuwa kimenyamaza. Wakaanza tena. Kikarudi. Wakaanza tena, Rispah akapiga chafya. Kikarudi.

"Phelista," Rispah akasema, "nimekuwekea kiti. Mahali kuna jua."

"Rispah, toka! Toka na kiti chako!"

Akageukia ukuta, akaweka mkono juu ya paipu, akasema kwa sauti ya kufika nyuma ya magunia: "Wewe paipu. Mimi siongei na mtu, naongea na wewe. Kama kuna mtu anakujua, akuambie maneno mafupi. Hizo pole na baraka apeleke kanisani."

Nyuma ya magunia pumba ikamwagika kidogo. Halafu: "Paipu! Shika batani ya kwanza!"

"Paipu imeshika."

"Mshale wa juu! Mpaka arobaini!"

Arobaini ikafika. Lakini Phelista akaona hiyo ni arobaini ya watu wa Bungoma, wanaolala bila blanketi. Akaendelea kubonyeza. "Paipu iko sitini."

"Hapana! Unataka kuunguza molasi? Rudi chini! Chini!"

Tangu aolewe, hakuna mtoto wa mtu aliwahi kumfokea hivyo. Angeweza kuondoka hapo hapo akamshtaki kwa wazee wa ukoo. Lakini namba ilikuwa inawaka-waka, na kisanduku hakijui wazee. Kidole kikashika mshale wa chini.

"Paipu imerudi arobaini," akasema. "Na iko na masikio, si lazima upige kelele."

"Pole, ma... Weka! Batani ya mwisho!"

Akaweka. Namba ikaacha kuwaka-waka, ikakaa.

Gicheru akaingia na kikombe. Akaangalia kioo, akaangalia magunia. "Nani amepanga?"

"Mimi."

"Ni mama," magunia yakasema. "Kidole ni chake."

Gicheru akakuna kichwa. "Haya. Paipu ni yako. Fundi, toka upate chai."

Atoke wapi? Mlango ni mmoja, na unapita kando ya kisanduku. Phelista naye alikuwa ameapa haondoki mpaka aone molasi na macho yake, na waya ndiyo inaanza kupata joto. Wekoye akangoja. Watu wakaenda kula, wakarudi. Mwishowe akapanda magunia, akajipitisha kwa dirisha la kutolea pumba, miguu kwanza. Kitambaa kikasikika kikipasuka, halafu Rispah, huko nje, akaangua kicheko cha kung'oa mabati.

Mama mkwe hamcheki mkwe. Phelista akakazia ukuta macho kwa heshima, akauma leso mpaka machozi yakamtoka. Mdomoni mwa paipu molasi ikachungulia, nyeusi, ikaanza kushuka bila haraka.