Nilimvalisha beberu aproni nikasahau kumvua: mwaka wangu na mbuzi hapa Mugeta

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wadogo zangu mambo.

Naanza na ujinga wangu mwenyewe, ili mtakaocheka mcheke mapema tuendelee. Mimi ndiye mtu aliyemvalisha beberu nguo ili asipande majike, halafu muda wa kumvua ukafika, ukapita, nikawa nimesahau kabisa.

Ni kweli tupu, sijaongeza kitu. Mhusika mwenyewe yuko hapo nje anatafuna kamba wakati naandika.

Kwanza mnijue. Naishi Mugeta, Bunda, kwa mama. Form four nilimaliza, matokeo tusiyaongelee. Mimi ni mtu wa nyumbani. Sio mvivu, ni mtu wa nyumbani, kuna tofauti, ingawa bimkubwa bado anaitafuta. Nikienda mjini Bunda asubuhi, saa sita nimeshaanza kukumbuka kivuli cha ghala letu.

Kaka yangu Magesa ana duka la vifaa vya ujenzi Musoma, maeneo ya Kitaji. Niliwahi kwenda kumsaidia. Haikuisha wiki nikarudi. Mama nilimwambia mbu wa kule ni wakubwa sana. Ukweli ni kwamba kule hakuna mtu anayelalaga mchana.

Mbuzi alituachia baba. Mbegu yake aliinunua Butiama: weusi, wafupi, masikio yamesimama kama wanasikiliza umbea. Baba alipofariki, kaka alikuwa na duka lake, kwa hiyo mbuzi wakabaki kwangu. Hakuna aliyepinga, maana hakuna mwingine aliyekuwepo nyumbani.

Sasa kwa wale wa mjini. Mbuzi anabeba mimba miezi mitano. Na beberu hana kalenda. Ukimwacha na majike mwaka mzima, wewe ndiye utakayejua watoto wamekuja wakati gani.

Mimi nilimwacha.

Mwaka jana majike wote wakazaa katikati ya masika. Huku kwetu masika udongo ni ule mweusi, unashika gumbuti unabaki na soksi. Zizi likawa uji. Kitoto kinazaliwa asubuhi, mchana kimelowa, jioni kinakohoa. Nikavihamishia jikoni karibu na mafiga. Kimoja cheupe nilikiita Chaki, kikawa kinalala ndani ya lile sufuria kubwa la shughuli. Nikiingia kuwasha moto kinatoa kichwa nje kinanitazama.

Naye hakupona. Walibaki wawili tu kati ya wote. Hapo sina utani wakuu, kile kipindi niliumia.

Bimkubwa hakunigombeza, na hicho ndicho kilichonitisha. Alisubiri nimemaliza kufukia wa mwisho, akaosha jembe, akasema taratibu: "Mwanangu, tujaribu uzao mmoja tena. Wakifa tena, mbuzi tunauza wote, na wewe unaenda kwa kaka yako. Mimi siwezi kuwa na makaburi ya mbuzi kila mwaka."

Jioni Magesa akapiga simu. Alikuwa ameshaambiwa. "Mdogo wangu, chumba nimekusafishia. Huku mchana tunafanyaga kazi, anza mazoezi."

Nikaona hii sasa sio mchezo. Nikavuka mpaka wa shamba kwenda kwa jirani yetu, Mama Wegesa.

Huyu mama mdomo wake hauna breki, lakini mbuzi wake wanazaaga wakati mzuri kila mwaka. Alikuwa anachambua mboga, hata hakuinua macho.

"Umekuja kunisalimia au umekuja kwa sababu ya makaburi?"

"Vyote, mama."

Akaniambia hivi. Beberu avalishwe aproni leo leo. Kitambaa kigumu, kinafungwa kiunoni, kinaning'inia chini ya tumbo. Kupanda mgongoni atapanda, ila hafiki kokote. Majike wapumzike, wamekonda. Tukimaliza kuvuna, mwezi wa sita mwishoni, nimvue. Hapo majike watakuwa wanakula mabua wamenenepa, watashika mimba, na watazaa mwezi wa kumi na moja. Vuli. Mvua za kistaarabu, majani mapya, maziwa yapo.

"Mwezi wa sita mwishoni," akarudia. "Utakumbuka?"

Nikamwambia mama, kwani mimi mtoto?

Nikarudi nikashona. Nilitumia mfuko wa mbolea, ule mgumu, nikaufua mara mbili. Kamba nikatoa kwenye ndoo ya zamani ya kisima. Kazi safi, hata fundi wa Bunda angeuliza nani kashona. Nilipomaliza kumfunga ndipo nikaona maandishi yametokea ubavuni, herufi kubwa: WEKA MBALI NA WATOTO.

Sikupanga wakuu. Lakini wapita njia walikuwa wanasimama kumpiga picha.

Na ilifanya kazi. Beberu anapanda, anahangaika, anashuka, halafu ananitazama mimi kama vile mimi ndiye mwalimu wa nidhamu. Nilikuwa nasikia fahari. Magesa akipiga simu namwambia project inaendelea vizuri, hicho chumba mpangishe mtu.

Mavuno yakaja. Nani asiyejua mavuno? Kuvunja mahindi, kubeba, kuanika, kupukuchua, ukiinama kuvaa ndala mgongo unalia. Tukamaliza. Tukafanya kama tunavyofanyaga kila mwaka hapa: msimu wa mazao kila mtu anafunga mbuzi wake kwa kamba eneo lake wasile vya watu, lakini baada ya mavuno sisi na Mama Wegesa tunawachanganya ili wale mabua kwenye mashamba yote mawili. Tunachunga kwa zamu. Zamu yangu ni redio, kichuguu cha kukalia, na upepo. Ndio msimu ninaoupenda kuliko yote. Mbuzi hawasumbui, hakuna palizi, jua la kiangazi halijawa kali. Unakula kiporo cha viazi unatazama mbuzi wanaponda mabua, unajiuliza huko Kitaji wanahangaika na nini.

Na beberu anapita mbele yangu kila siku na aproni yake.

Sijui niwaelezeje. Jicho lilizoea, langu, la mama na la jirani. Ni kama shati la mtu unayemuona kila siku, huwezi kusema leo kavaa nini.

Mwezi wa tisa, mama anapepeta mtama uani, akaniuliza bila kugeuka: "Majike walishapandwa?"

"Eeh, mama." Jibu lilitoka lenyewe.

Nikatoka nje kifua mbele. Beberu alikuwa amelala ubavu nyuma ya zizi, na yale maandishi yananitazama.

Wakuu, nilikuwa sijamvua.

Nikakata kamba kwa kisu bila hata kufungua fundo. Aproni nikaisokomeza chini ya magunzi. Nikakaa hapohapo kuhesabu kwa vidole. Wakipandwa leo, wanazaa mwezi wa pili. Mwezi wa pili majani hakuna, maziwa hakuna, halafu masika hii hapa inawakuta wachanga. Nikahesabu tena kuanzia kidole kingine, jibu lilelile. Kumwambia mama nikashindwa. Nikaanza hata kufikiria nikienda Kitaji nitabeba shuka lipi.

Beberu mwenyewe nimemvua, hana haraka. Ananusa jike, anaondoka. Nikasema nimemharibu mtoto wa watu kisaikolojia.

Mwezi wa kumi matumbo ya majike yakaanza kujaa. Mimi nikajua wamevimbiwa na mabua. Nikawa nawatembeza kuzunguka nyumba, mzunguko baada ya mzunguko, watoe gesi.

Mama akatoka akasimama mlangoni. "Unawapeleka wapi?"

"Nawatembeza, mama."

Akamshika mmoja, akapitisha kiganja chini ya tumbo, akatulia kama anasikiliza. Akaenda kwa mwingine. Kisha akanyanyuka akifuta mikono kwenye khanga. "Hawa wanazaa vuli hii hii. Safari hii umejitahidi."

Nikasema asante mama. Nyie mngefanya nini? Usiku ule, mchana ule, wiki ile yote nilikuwa najiuliza mimba zimeingilia wapi. Nilienda hadi chini ya magunzi kuikagua aproni kama ina tundu. Haikuwa na tundu. Nilishona vizuri mno.

Mwezi wa kumi na moja mwishoni, ardhi imelainika, majani yametoka mabichi, jike wa kwanza akazaa. Mapacha. Kesho yake mwingine. Ndani ya siku chache uani kwetu kulikuwa kumejaa vitoto, vikavu, vinanyonya mpaka mikia inatetemeka. Hakuna anayekohoa. Mchana vinalala juani kwenye kizingiti cha jikoni, unapita kwa kuruka. Hakufa hata mmoja, na mpaka leo naandika hivi wote wapo.

Tatizo lilikuwa sura.

Vilikuwa vya kahawia. Na masikio yalikuwa marefu, yamelala mpaka karibu na taya.

Mama akabeba kimoja. Akainua sikio kwa kidole, akaliachia, likaanguka. Akamtazama beberu wetu mweusi na masikio yake ya umbea. "Haya masikio yametoka wapi?"

"Labda upande wa bibi yao, mama."

Wakati huohuo Mama Wegesa anaingia kurudisha ungo.

Hapa nawakumbusha jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijalikumbuka. Mama Wegesa ana beberu chotara alimnunua Nyegina. Mrefu, kahawia, masikio yamelala. Msimu wa mazao anamfungaga peke yake nyuma ya nyumba, ndio maana aproni hahitaji. Lakini msimu wa mabua, mbuzi wake wote wanakuja kwetu. Naye yumo. Zamu zangu zote mimi niko kwenye kichuguu nasikiliza taarifa ya habari, jamaa anapiga kazi mbele ya macho yangu.

Mama Wegesa akaweka ungo chini, akatazama vitoto, akanitazama mimi.

"Hawa si wajukuu zangu hawa? Wewe, beberu wako ulimvua lini?"

Nikaona kudanganya hapa haiwezekani, ushahidi unanyonya. "Mwezi wa tisa."

"Wa ngapi?" Huyo ni mama.

"Wa tisa."

Mama bado kabeba kile kitoto. Nikamuona anafikiria, na namjua mama akifikiria. Makubaliano yalikuwa vitoto vikifa naenda, na havijafa. Lakini aliyeviokoa sio mimi, ni beberu wa jirani. Akamgeukia mwenzake: "Mama Wegesa, nishauri. Huyu nimpeleke kwa Magesa dukani, au nimwache?"

Kabla ya jibu, niseme nilichojifunza, kwa wale wanaotaka kuanza kufuga. Mbuzi ni kupanga majira. Chagua kwanza watoto wazaliwe lini, rudi nyuma miezi mitano, hapo ndipo beberu avuliwe nguo. Weka alamu kwenye simu, usitegemee kichwa, hasa kama ni kichwa cha aina yangu. Na mkichanganya mbuzi na jirani, jua beberu wake yuko vipi. Mwaka huu nimekubaliana naye wangu apumzike, tunatumia wake kwa makusudi. Wateja wa Bunda wanaokujaga kununua karibu na sikukuu wameshaanza kuulizia wale wa masikio marefu.

Wafugaji wa humu, nyie mnatumia mbinu gani kupanga uzao? Na kuna mwenye mfano wa aproni nzuri zaidi? Karibuni, na matusi pia nitayasoma, muda ninao.

Mama Wegesa alichukua vitoto viwili, kimoja kila kwapa, akamjibu mama hivi:

"Mwache hapahapa, Mama Magesa. Huyu ukimpeleka dukani atasahau kufungua mlango, mfe njaa ukoo mzima."