Suti ya Kuzamia Haipanuliwi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku baba mdogo alipoipitishia mkasi suti yangu ya kuzamia pale Mtendeni, Tabora, na mimi nimesimama namtazama.

Nilikuwa msichana, nimepata kazi Kigoma ya kuzamia ziwani kuwakamata wale samaki wadogo wa rangi wanaofugwa kwenye matangi ya vioo. Nilipewa suti ya mpira, nene, ya kubana mwili mzima. Nikaja nayo kwetu Gongoni kumwonyesha shangazi aliyenilea. Akaiinua kwa vidole viwili.

"Hii ndiyo utavaa mbele ya wanaume?"

"Ndiyo, shangazi. Kule chini kuna baridi."

"Baridi! Hapa Tabora Juni hakuna baridi? Mbona tunajifunga khanga tu?"

Akampelekea mdogo wake, huyo baba mdogo, fundi cherehani, aipanue. Akaifumua mbavuni, akatia vipande vya kitambaa, akaniambia sasa nitapumua. Kupumua nilipumua. Ikawa suti ya heshima kabisa, ungeweza kuivaa msibani.

Nikarudi Kigoma kwa treni, njia ileile babu zetu waliyoikanyaga na mizigo mabegani hadi Ujiji. Watu hudhani maji ya ziwa lile ni vuguvugu. Juu, sawa. Kaa chini muda mrefu, upepo wa kiangazi umeshayavuruga maji, ndipo utajua. Maji yalipita kwenye kile kitambaa, mwili ukayapasha joto, yakatoka, yakaingia mengine ya baridi. Vidole vikafa ganzi. Wavu ukaniponyoka, samaki wa asubuhi nzima wakaenda zao. Nilitoka majini meno yanagongana, na msimamizi akaniambia mbele ya wenzangu, "Dada, rudi kwenu Tabora ukarine asali. Nakupa mpaka Jumatatu. Ukishindwa tena, namchukua mwingine."

Niliumia. Halafu nikakasirika, na hasira ile mpaka leo sijaiacha. Kurudi Gongoni nikakae jikoni? Thubutu! Mzamiaji mmoja mwenye mwili kama wangu alikuwa anaacha kazi, nikamwomba suti yake. Nikaivaa kwa kuhangaika, jasho linanitoka. Nikachuchumaa, nikanyanyua mikono, nikainama. Haikuacha nafasi kiunoni wala kwapani. Jumatatu nilizama nayo, nikatoka na wavu umejaa. Msimamizi akatazama pembeni.

Habari zikafika Gongoni kwamba natembea ufukweni na nguo ya kubana. Shangazi akapanda treni. Siku moja natoka majini, namwona amesimama mchangani, khanga mkononi, wanaume wanatutazama.

"Jifunike!" akanifokea.

"Shikamoo, shangazi. Nimeshajifunika."

Hakuitikia. Alinishika mkono anivute, akakuta una joto. Akaushika na wa pili. Akaligusa ziwa kwa vidole vyake, akaurudia mkono wangu.

"Na ile aliyoipanua mdogo wako," nikamwambia, "ningekufa nayo."

Akaikunja ile khanga, akaitia kwapani. "Marahaba," akasema. "Basi hiyo asiiguse mtu kwa mkasi."

Sasa wewe, mwanangu, unakwenda kusomea kuzamia kwenye nchi ambazo maji yake yanakaribia barafu, na nasikia wameshaanza kukushauri hapa nyumbani: chukua kubwa, utanenepea humo. Wakatalie. Chagua nene kuliko unavyodhani unahitaji. Iambatane na ngozi shingoni, mikononi, miguuni na mgongoni, maana maji machache yaliyotulia ndani ndiyo mwili wako unayoyapasha joto, na yanayopita huku na huku yanakuibia joto. Ikikuzuia kuvuta pumzi, iache, hiyo ni ndogo mno. Kichwa nacho kivalishe kofia ya mpira, na vidole glavu. Na atakayesema haikupendezi, mwambie azame yeye kwanza, ndipo aje mzungumze.

Mungu akushushe salama, akupandishe salama, na siku utakayorudi kunisalimia, mikono yako niikute ina joto.