Mgahawa Usiokuwa na Meza

Nilikuwa sijafika hata nyumbani. Falafeli niliyokula kwenye toroli la muuzaji wetu ilikuwa bado inanijaza tumbo na harufu ya kitunguu saumu iko vidoleni, simu ikaita. Aliyepiga ni fundi viatu anayekaa jirani na toroli hilo, pale karibu na stendi ya Sumbawanga. "Kaka, mtu wetu kaanguka," akasema. "Nadhani ametutoka." Nikamwambia aache utani, nimeagana na mtu sasa hivi, kaniambia niwasalimie nyumbani. "Sitanii, kaka. Yuko hapa chini." Nilirudi mbio, mimi na kitambi changu, nikakuta watu wamesimama kwa duara na katikati yake yeye amelala ubavu, kofia bado iko kichwani. Mafuta kwenye karai yalikuwa yanachemka na hakuna aliyethubutu kuyaepua. Nikajikuta najifuta mdomo kwa kiganja, sijui kwa nini. Msomaji wangu, nimeandika safu hii miaka mingi na nimezika wengi, lakini sijawahi kupata habari ya kifo cha mtu nikiwa na chakula chake tumboni. Hadi leo sijaizoea.

Hospitali walisema ni moyo. Mji wetu, mnaujua, hauamini kwamba moyo wa mtu unaweza kusimama wenyewe, kwa hiyo kabla jua halijazama nilishasikia majina ya watu watatu waliomwonea wivu, mmoja wao muuza mahindi ya kuchoma ambaye wakati huo alikuwa analia kuliko ndugu. Niliwaambia wazi walioniletea maneno hayo, na nawaambia tena hapa: tuwe na haya. Marehemu alikuwa mtoto wa ziwani, wa kijiji cha Wampembe. Alikwenda Maskati, akapika kwenye majiko ya watu miaka mingi, kisha akarudi. Wengine hurudi na gari. Yeye alirudi na ujuzi wa kitu kimoja: dengu zilizolowekwa, zikasagwa mbichi pamoja na giligilani na vitunguu, zikaviringishwa, zikakaangwa. Aliziita falafeli. Sisi tukamwambia hizo ni bajia. Akakasirika siku moja, siku ya pili akasema tuziite tunavyotaka ilimradi tuzile zikiwa za moto. Alizikunja ndani ya chapati, akaweka kabichi na nyanya, akamwagia rojo la karanga, maana ufuta aliouzoea kule, huku kwetu haupatikani kirahisi na karanga za Ufipa zimejaa sokoni. Ukiuma, ganda linavunjika kwanza, halafu mvuke unakupiga puani, halafu rojo linakuchuruzikia hadi kwenye kiwiko. Hakuna namna ya kuila kwa adabu.

Mtihani wake wa kwanza ulikuja na Kwaresima. Huku juu wengi wetu ni Wakatoliki, na Ijumaa ya Kwaresima nyama haigusi mdomo. Sasa falafeli kwa nje ni ya kahawia, imekaa kikababu, na anayeikaanga ni Mwislamu. Mama mmoja wa kwaya akasimama mbele ya toroli, mikono kiunoni. "Kaka, niambie ukweli wa Mungu. Humo ndani hamna nyama?" Marehemu aliinamia toroli lake. Alichukua moja, akaipasua mbele ya macho yake, ndani ikawa kijani kibichi. "Mama," akasema, "umeona wapi ng'ombe wa kijani?" Yule mama alicheka mpaka akashika toroli. Tangu hapo Ijumaa za Kwaresima zikawa zake. Ungemwona anatoka msikitini anakimbia, kanzu kaikunja hadi magotini, awahi kuwakaangia Wakatoliki walioacha nyama. Sikuwahi kumsikia mtu yeyote, wa upande wowote, akiona ajabu kwa hilo, na mimi nadhani ni katika mambo mazuri ambayo mji huu umewahi kufanya bila kuitisha mkutano.

Lakini jambo moja lilimshinda. Kwetu mtu mzima hali barabarani. Mtoto anaweza kutafuna muwa huku anatembea, ila mtu mwenye heshima yake akionekana kasimama kando ya njia na chapati mdomoni, habari itamtangulia nyumbani. Basi wateja wake wakubwa walikuwa wanakuja kama watu wanaonunua bangi. Mwalimu mkuu mmoja alikuwa anafika na mkoba, anaangalia kulia na kushoto, anaitumbukiza falafeli ndani pamoja na mitihani ya watoto, anaondoka. "Mwalimu, hiyo ikifika ofisini imeshakufa!" marehemu anampigia kelele, na mwalimu anazidisha mwendo. Wengine walijibanza nyuma ya mwavuli wa fundi viatu, uso ukutani. Vijana ndio waliokula bila wasiwasi, wakimwambia, "Mshikaji, ongeza pilipili." Yeye alituonea huruma sisi wakubwa. Alisema huko alikokuwa aliona watu wenye suti wanakula wamesimama, na suti zao hazikupungua kitu.

Kesho yake alasiri tulimzika hapa mjini. Mama yake alikuwa njiani kutoka Wampembe, gari limekwama kwenye tope la mlimani, na maiti haikuweza kumsubiri. Tukiwa tumekaa msibani baada ya maziko, mdogo wake marehemu, anayefanya kazi Namanyere, akatuita pembeni sisi wachache tuliokuwa wateja wa kila siku. "Jamani, nina shida. Kesho mama anafika, na majirani zake wamemsindikiza. Kule nyumbani wote wanajua kaka ana mgahawa mjini. Una meza, una vitambaa, una na mafeni. Mama ndivyo anavyosimulia kila siku, na ameshasema lazima apelekwe akauone. Akionyeshwa hilo toroli mbele ya majirani zake, tutamzika na yeye."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwenye simu, na naomba radhi kwa kusema hivyo. Mtu aliyempasulia mama wa kwaya falafeli ili auone ukweli wake, kumbe alikuwa anamdanganya mama yake mzazi? Nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe, na udongo wa kaburi lake ulikuwa bado uko kwenye viatu vyangu. Lakini mama wa watu hakuwa na kosa, na hasira kwa mtu aliyekwishakufa haina pa kwenda. Tukakubaliana tumstiri. Asubuhi mwenye duka la jirani akatoa viti vya plastiki na meza, mama wa kwaya akaleta vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi, tukavipanga mbele ya toroli. Mafeni hatukuyahangaikia. Katika mji ambao tunavaa sweta mchana kweupe, feni ni ya kupuliza nini? Mwalimu mkuu akakaa kwenye kiti kimoja, mimi kingine, na watu wengine wakajaa, wakijitahidi kuonekana kwamba ndivyo wanavyokaa siku zote. Mjane wa marehemu, aliyejua mapishi yake, alikuwa ndani, eda imeanza, kwa hiyo jiko lilikuwa baridi. Tulikuwa tunakalia mgahawa usiokuwa na chakula.

Mama alifika amejitanda khanga, mwembamba, ameshikwa mkono na mwanawe mdogo. Nyuma yake majirani wanne na mikoba yao. Tukasimama wote. "Shikamoo mama," tukasema kwa pamoja, kama darasa. "Marahaba, wanangu. Poleni sana." Hakuangalia meza. Alilizunguka toroli polepole, akaweka kiganja kwenye karai, akakiacha hapo kwa muda. Kisha akageuka.

"Viti hivi vya nani?"

"Vya kaka, mama," mdogo mtu akajibu haraka.

"Nimekuuliza wewe?" Akanitazama mimi. "Baba, wewe ni mtu mzima mwenzangu. Viti vya nani?"

Uongo nilikuwa nimeuandaa tangu asubuhi. Haukutoka. "Vya dukani hapo, mama. Tumeazima."

"Virudisheni kwa mwenyewe."

Mdogo wake marehemu alifunika uso. Mama akawageukia wale aliokuja nao, na hapo ndipo palipokuwa pagumu, maana kati ya watu wote pale hao wanne tu ndio angerudi kuishi nao. "Majirani zangu," akasema, "mwanangu hakunidanganya. Siku ile ile alipoanza alinipigia simu. Akaniambia mama, nimepata toroli, nauza barabarani, nasimama kutwa nzima, na nina furaha. Mimi ndiye niliyeona haya. Mtoto ametoka Maskati, nyie kila siku mnaniuliza anafanya nini, nikasema ana mgahawa. Meza nimeziongeza mimi."

Jirani mmoja, mama mnene mwenye sauti nzito, akasema taratibu, "Na mafeni, dada. Ulituambia kuna na mafeni."

"Na mafeni," mama akakiri. "Sikujua kama huku kuna baridi namna hii."

Tulicheka. Wallahi tulicheka, msibani, na fundi viatu alicheka huku machozi yanamtoka. Mama akatungoja tumalize. Akanyoosha mkono kutuonyesha, mwalimu mkuu, mama wa kwaya, vijana, muuza mahindi, mimi. "Lakini watu sikuwaongeza," akawaambia majirani zake. "Niliwaambia ana watu wengi, wakubwa kwa wadogo. Haya, hawa hapa. Wahesabuni."

Yule mama mnene akaweka mkoba wake chini, akaja akamkumbatia, na wale wengine watatu wakamfuata. Mimi nilibaki nimeshika kiti cha watu, sijui nikiweke wapi. Nilikuwa nimemkasirikia marehemu kwa uongo usiokuwa wake, na sasa sikuweza kumkasirikia na mama, kwa sababu nilijua aliutoa wapi. Aliutoa kwetu, watu tunaomuuliza mzazi "mwanao anafanya nini siku hizi?" kwa sauti ambayo tayari imeshapanga majibu gani yanafaa na yapi ni ya kumsikitikia. Sauti hiyo iko Wampembe, iko Sumbawanga, na siku nyingine iko kwenye safu hii. Mtoto alikuwa na furaha na akasema hivyo kwa mdomo wake, na mama yake akakosa mtu hata mmoja wa kumwambia furaha hiyo bila kuivalisha meza na feni. Kwa hiyo leo sina jingine la kuwashauri. Ukikutana na mama wa mtu, na mwanawe anauza kitu barabarani na wewe unakila, usimngoje akuongezee kitu. Mwambie wewe, mbele ya majirani zake, mwanawe angali hai: mama, mwanao ananilisha.