Wimbo wa Sita, Upande wa Pili

Cheka kama unataka kucheka. Wengi wamecheka, hata mchungaji wetu alitabasamu kidogo kabla ya kuniombea. Lakini haya sikusimuliwa na jirani wa jirani. Yalinipata mimi, ndani ya nyumba yangu, hapa Kamina, saa tisa mchana, nikiwa nimekula viazi vitamu na akili zangu zote zikiwa timamu.

Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza. Vita ilipoanza tena shule ilifungwa, madarasa yakajaa wakimbizi, nami nikaingia kazi ya kurekodi kaseti. Mmarekani mmoja aliyefundisha pamoja nasi zamani alikuwa ameniachia sanduku la santuri za muziki wa watu weusi wa kwao, ridhim na bluzi, pamoja na kitabu kinene cha mwongozo. Kila santuri ilikuwa na aya yake humo: nani anaimba, nani anapiga kinanda, nyimbo ngapi kila upande, dakika ngapi, na mwishoni nyota za ubora, kuanzia moja hadi tano.

Niamini, kitabu kile kilinilisha. Askari wa kigeni walioletwa kambini walijua Kiingereza na waliupenda muziki ule. Walikuja na kaseti tupu wakaondoka nazo zimejaa, wakaniachia unga, sabuni, nyama ya kopo. Umeme haukuwepo, nilitumia betri ya gari. Sindano ya gramafoni nilikuwa nayo moja tu, ikiisha basi. Ningewezaje kusikiliza zote kwanza ndipo nichague? Kitabu kilinichagulia. Kiliniambia upande huu ni dakika kumi na tisa, na mimi nikajua kaseti ya kuweka. Wimbo wa mwisho ulipokaribia kuisha mkono wangu ulikuwa tayari juu ya sindano, naiinua papo hapo, betri isiliwe bure.

Makosa yalikuwamo, siwezi kuficha. Kinasema tarumbeta, nawe unasikia saksafoni. Kinampa mpiga ngoma wa santuri hii jina la mtu wa santuri nyingine. Lakini kwa hesabu ya nyimbo na dakika hakikuwahi kunidanganya.

Sasa sikia kuhusu mke wangu. Numbi alikuwa amekwenda Kabongo kwa mama yake, ajifungulie huko mtoto wetu wa kwanza. Nilimsindikiza mwenyewe hadi gare, kituo cha treni. Wiki tatu baadaye treni zikakatika, kisha tukasikia kwamba watu wa Kabongo wamekimbia. Wamekimbilia wapi? Wengine porini, wengine kwenye maziwa, wengine walipanda mitumbwi wakafuata mto. Kila asubuhi nilikwenda kwa masista wenye foni, ile redio ya kuitana kutoka misioni hadi misioni, na kila asubuhi sista alitikisa kichwa kabla sijauliza. Miezi minne hivyo. Hesabu yangu ilinionyesha kwamba mtoto ameshazaliwa, au ameshakufa, au wote wawili wameshakufa. Nilifika mahali pa kumwomba Mungu anipe habari yoyote, hata iliyo mbaya.

Siku hiyo mvua ilikuwa inapiga mabati kama mawe. Nikasikia hodi. Alikuwa mama mtu mzima, simjui, na kitenge chake kilikuwa kikavu. Mvua ile, na kitenge kikavu! Ila miguu yake ilikuwa na tope jeusi hadi magotini, na udongo wa Kamina ni mwekundu, hakuna asiyejua. Macho yangu yaliyaona hayo yote. Kichwa changu kilisema tu: anatafuta pa kujikinga. Nikampa kiti.

Hakukaa. Alinyoosha kidole kwenye sanduku, chini kabisa.

"Piga ile, baba. Upande ya pili."

Niliitoa. Ilikuwa santuri ambayo kitabu kiliipa nyota moja, kwa hiyo sikuwahi hata kuifuta vumbi.

"Mama, hii si nzuri," nilimwambia, nikamfungulia ukurasa. "Angalia, nyimbo tano, dakika kumi na saba, nyota moja. Na betri yangu iko karibu kufa."

Hakuangalia kitabu.

"Kitabu yako iko na makosa. Haiko nyimbo tano, iko sita. Weye sikiliza mpaka mwisho. Usiinue mukono."

"Mama anaijua santuri hii?"

"Minyi ninatoka mbali, baba. Piga tu." Minyi, yaani mimi, kama wasemavyo watu wa kwetu.

Kwa nini nilikubali? Sijui. Labda kwa sababu tangu Numbi aondoke hakuna mwanamke aliyekuwa ameniita baba kwa sauti ya namna ile, ya kunionea huruma. Niliunganisha nyaya, nikashusha sindano.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kawaida. Wa pili vilevile, wa tatu ulikuwa mzuri kuliko nyota moja, naapa. Mama alisimama mlangoni, mikono kifuani, macho kwangu. Wa nne. Wa tano. Kinanda kikafifia, mwimbaji akanyamaza, na mkono wangu ukaenda.

Sikuutuma. Nataka ulielewe hili vizuri. Sikuwa na hofu, sikuwa nimemdharau yule mama. Ulikuwa mkono uliofundishwa na kitabu kwa mwaka mzima kwamba tano ni tano. Vidole viligusa sindano, na wakati huohuo sauti ikatoka kwenye spika, bila kinanda, bila ngoma, sauti ya mke wangu.

"Mwalimu, minyi niko ku Ka..."

Sindano ilikuwa tayari juu.

Numbi aliniita Mwalimu tangu siku za uchumba. Niliirudisha sindano pale pale, ikakwaruza. Kimya. Nikairudisha tena, na tena, kutoka wimbo wa tano, kutoka mwanzo wa upande, mpaka betri ikafa. Nilipogeuka, yule mama alikuwa amekwisha toka na yuko mvuani.

"Mama, nihurumie! Yuko wapi? Ka nini?"

Alisimama bila kunitazama. "Nilikuambia usiinue mukono," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. "Minyi siruhusiwe kusema. Nilipewa kukuletea tu."

Nilimfuata hadi barabarani. Sikuona mtu. Sikuona hata nyayo.

Ka! Taja mwenyewe vijiji na miji ya kwetu inayoanza hivyo. Kabongo. Kabalo. Kabondo. Katoto. Kaniama. Ungeanzia wapi wewe? Nilianzia Kabongo, kama mume yeyote mwenye akili angefanya, kwa baiskeli. Askari walinikamata njiani, wakanifunga wiki mbili wakidhani mimi ni mpelelezi, wakachukua baiskeli. Nilirudi kwa miguu. Nikaenda Kaniama, hakuna aliyemwona. Nikaenda Kabondo, nikaumwa malaria huko karibu nife. Katoto, kule upande wa Bukama, niliiweka ya mwisho, kwa sababu nani angefikiri mwanamke mwenye mimba ametoka Kabongo akafika mbali namna ile?

Nilifika Katoto na fimbo mkononi. Nilitaja jina lake, na wanawake waliokuwa wanaanika samaki wakaacha kazi.

Alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia.

Mtumbwi ndio uliomleta. Alijifungua salama, akaishi, kisha homa ikamshika na dawa hazikuwepo. Mkunga aliyemtunza aliniambia kwamba kila siku Numbi aliulizia njia ya Kamina. "Alisema bwana wake anakuya. Alisema alituma mama moja aliyemukuta ku maji, mama wa miguu ya tope. Sisi hatukumuona ule mama. Tulizani ni homa inasema."

Kisha akaingia ndani akaniletea binti yangu.

Siwezi kukueleza ile saa. Nilisema "wafwako, wafwako," yaani asante, kwa Kiluba cha mama yangu. Mtoto alinishika kidole akaking'ang'ania.

Leo anasoma, anaimba kwaya, na ana sauti ile ile, sitaki kuieleza zaidi. Santuri zote niliwagawia watu. Mimi siwezi tena kuzima redio katikati, na mtu akinyamaza kidogo katika mazungumzo nakaa nikimngoja, mpaka watu wanadhani nina kasoro. Binti yangu ameniuliza mara moja tu kwa nini nilichelewa kufika Katoto. Nilimjibu ni vita. Hilo ni kweli, lakini si lote, na sijampa lililobaki.

Nimekupa wewe kwanza. Kwa hiyo mtu usiyemjua akiingia kwako na kukuambia ngoja kidogo, usimwonyeshe ulichosoma. Kaa juu ya mikono yako, ungoje.