Mpunga wa Mama Mkwe juu ya Mawe ya Ndosho

Mama mkwe alipohamia kwetu Ndosho, mtaa wa Goma, alikuja na nguo chache na kopo la mbegu ya mpunga. Mpunga huo ni wa kwao, bonde la Ruzizi, mwekundu kidogo, na ukipikwa una harufu ambayo mume wangu hawezi kuielezea bila kumeza mate. Kwenye masoko ya Goma hawaujui, nimetafuta. Huko bondeni nako majirani zake walikimbia mashamba kwa sababu ya vita, na mbegu zao wakaishia kuzila. Iliyobaki ilikuwa hiyo ya kopo tu. Na mbegu ya mpunga haikai miaka: kila msimu ukipita, punje nyingine zinagoma kuota.

Sisi tunakaa juu ya mawe ya volkano. Udongo tunanunua kwa gunia, na ukimwaga maji chini huyaoni tena. Kiangazi cha kwanza Mama alipanda nusu ya mbegu kwenye mabeseni, tukampa maji yote tuliyoweza, lakini hayakutosha. Robine, bomba la mtaani, ilikuwa imekauka, maji ya ziwa yalikuja kwa bidon, madumu ya plastiki, juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, na watu lazima wanywe kwanza. Mpunga ukafa wote. Mama hakulia. Alikaa siku nzima bila kumkosoa mtu, ndipo nikajua ameumia kweli.

Mimi nashona nguo, kilimo sikijui. Lakini mdogo wangu wa kike anafanya kazi kwenye bustani ya miche, njia ya Sake, karibu na Mugunga. Nilipomsimulia, aliniletea mfuko wa udongo wenye vipande vya mizizi mikavu. Akasema humo mna kuvu, wadogo mno hata huwaoni. Wanaingia ndani ya mzizi wa mpunga, kisha wanatoa nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazopenya kwenye udongo pale mzizi usipofika na kuleta maji. Mpunga nao unawalisha sukari. Alinionya nisiufurikishe mpunga, kwa sababu kuvu hao hawapendi kuzama.

Mama aliposikia habari ya kuvu, alishika kiuno.

"Ukungu? Ile inaozeshaka muchele mu ghala, njo unataka kupatia mbegu yangu ya mwisho?"

"Hapana, Mama, haiko ile. Hii iko sawa mukamwana. Inaingia mu nyumba ya watu, inakula chakula yao, lakini maji njo yeye anatafutaka."

Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kandambili.

"Basi kula iko inakula. Maji sijaona bado."

Mume wangu, ambaye ni mtu mwenye akili, alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli mtaa wa Katindo, akatoka.

Mwishowe Mama alikubali, kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Nilichanganya ule udongo kwenye beseni la kitalu, yeye akasia. Nilichogundua baadaye ni kwamba alificha punje chache, akazisia kwenye ndoo kuukuu nyuma ya jiko, bila kuvu. Hakuniamini hata kidogo, na wala simlaumu.

Miche ikatoka vizuri. Halafu jioni moja nikarudi kutoka kushona na kumkuta Mama ameing'oa yote, ameifunga mafungu mafungu, anasuuza mizizi mpaka inang'aa. Bondeni ndivyo wanavyofanya kabla ya kupandikiza; mche wenye matope ni aibu ya mwenye shamba. Udongo wote wa kuvu ulikuwa umekwenda na maji. Nina hasira za karibu, mtaa mzima unajua, na siku hiyo waliokuwa hawajui walijua.

"Mama! Umeosha dawa yote!"

"Nimeosha buchafu," akasema, akaendelea kusuuza.

Nilimpigia simu mdogo wangu. Akacheka, mjinga yule.

"Yaya, dada yangu, ile haiko vumbi. Kama imeisha kuingia mu muzizi, huwezi kuiosha, sawa vile huwezi kuosha mimba."

"Na kama haijaingia?"

Hapo hakucheka. Akasema tungoje.

Mama akapandikiza kwenye mabeseni makubwa, na kiangazi kikaja na vumbi lake. Umeme wa kusukuma maji ukakatika, foleni ya bidon ikarefuka. Kila beseni lilipata kikombe, na ile ndoo nyuma ya jiko nayo kikombe. Nilikuwa nimeshaiona. Mchana majani yote yalijikunja. Kila asubuhi nilitoka kabla ya chai kwenda kuangalia. Kwenye mabeseni yalikuwa yamekunjuka. Ya kwenye ndoo yalikunjuka mara chache za mwanzo, kisha yakabaki vilevile, yakawa majani makavu tu. Mama aliibeba ndoo akaimwaga, halafu akaanza kuyasalimia mabeseni kila alipoamka.

Masuke yalipoinama nilipiga vigelegele peke yangu uani. Mavuno yalijaa sufuria. Mama alitwanga na kupika kidogo tu, kila mtu kijiko kimoja, na mume wangu alikula chake amefumba macho.

Baada ya chakula nilimkuta uani anachimba visiki vya mpunga. Mizizi haikuwa imesuuzwa. Alikuwa anaikatakata kwa kisu cha jikoni, pamoja na udongo wake, na kuianika juu ya gunia.

"Unafanya nini, Mama?"

"Natengeneza muzigo. Barabara ikifunguka, ninarudia kwetu. Kule nako jua iko kali. Mbegu peke yake itaenda kufanya nini?"

Nilikuwa nimeipigania mbegu hiyo kwa nguvu zangu zote, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza inakwenda kupandwa wapi. Nilikuwa nimemzoea. Nikamwambia wazi kwamba sitaki aende.

"Ninajua," akasema, bila kuacha kukata. "Lakini iko mingi, na mukono inaniuma."

Nikaenda kuchukua kisu kingine.