Mahali pa Kulilia

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mjukuu wangu: siku mama mkwe wangu aliponitoa kambini kwenda kutafuta bowa, uyoga wa mvua za kwanza.

Enzi hizo za wakoloni mji huu bado uliitwa Élisabethville, nami nilikuwa mke kijana katika kambi ya wafanyakazi wa shaba. Nilikuwa nimemzika mtoto wangu wa kwanza, Ilunga, kabla hajajua kutembea. Majirani walikuja, wakanipa pole, kisha yakaanza maswali: ulimlisha nini? Utapata mwingine lini? Nyumba zilipangwa mstari, ukuta kwa ukuta. Ukikohoa, jirani anajua. Uwanja ulifagiliwa ukabaki udongo mtupu, na juu yake moshi wa tanuri la shaba. Mimi sikulia. Niliacha kula, nikaacha na kusema. Mume wangu akaogopa, masikini, akaamua nirudishwe kwetu Mitwaba kwa lori. Niliona ndoa yangu inakwisha, na nguvu ya kukataa sikuwa nayo.

Ndipo mama yake akaja kututazama. Alikuwa mfupi, mkali, kubembeleza hajui. Akaniuliza:

"Hapa kambini bantu banalilia wapi?"

"Mu nyumba, mama."

"Mu nyumba? Na jirani anasikiliza? Simama. Beba kitunga, twende ku pori."

Tulitembea hadi upande wa Kasapa, ambako wakati huo kulikuwa na miti na nyasi tu. Habari za mtoto hakuzigusa. Alinionyesha njia moja, yeye akashika nyingine, karibu kiasi cha kusikia nikiita.

Nikainama, nikaanza kupekua majani. Macho yangu yalikuwa yamezoea ukuta. Sasa yakaona mbali, yakaona kijani, na udongo ulinukia mvua. Nikaona bowa moja, pana kama sahani. Nikawaza, Ilunga angelicheza nalo. Nikalitaja jina lake kwa sauti, mara ya kwanza tangu tumzike, nikalia mpaka nikakaa chini. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Mama mkwe alikuja nilipotulia, kitunga chake kimejaa. Akatazama changu.

"Moja tu? Utalisha nani?"

Nikacheka, mwanangu, na machozi bado usoni. Nikamwambia, "Mama, nasikia njaa."

Jioni ile alimwambia mume wangu, "Lori iende bila yeye. Bibi yako haiko mugonjwa. Iko na huzuni, na hapa munamufungia." Lori likaenda. Mimi nikabaki, nikazaa baba yako.

Moyo wa mtu ni kichaka, walisema wazee. Zamani nilipowaona wazungu, wenye nyumba na bustani zao, wakienda Jumapili kukaa tu kando ya mto, nilisema ni uvivu. Sasa naelewa. Mti hautaki kitu kwako. Mto haukuulizi kwa nini umekonda. Mbele ya miti na mto mtu anaweka chini uso anaowabebea watu, anapumua.

Basi, ukichoka, toka, uende penye majani, usione haya. Na ukimwona mwenzio amenyamaza kupita kiasi, usimrundikie maswali. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mpeleke kwenye miti, kisha sogea kando. Mungu akuepushe na msiba, mwanangu. Na msiba ukija, akupe mama kama yule, wa kukungoja mpaka umalize kulia.